Ukitaka Kufilisika kwa Heshima: Mwongozo wa Kupiga Picha Vyuma vya Ndege Kuukuu

Wako wanaofilisika kwa kamari, wako wanaofilisika kwa kugombea udiwani, na wako wanaofilisika kwa kuozesha mabinti kwa mbwembwe. Mwongozo huu si wao. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kamera nzuri, mwenye akili timamu mpaka juzi, ambaye ameona picha ya silinda ya injini ya ndege ya zamani imekaa peke yake mezani, imemulikwa upande mmoja, upande wa pili giza, akajisemea moyoni: hii hata mimi naiweza.

Naam, unaiweza. Ndiyo maana unaonywa mapema.

Kwanza jiandae kujitetea, kwa sababu siku utakapoingia nyumbani unaviringisha gurudumu la ndege ya Dakota utaulizwa maswali. Hoja zipo. Mwaka 1912 wasanii watatu, Fernand Léger, Constantin Brancusi na Marcel Duchamp, walikwenda kutazama maonyesho ya ndege jijini Paris. Léger alisimulia baadaye kwamba Duchamp alizunguka kimya katikati ya mitambo, kisha akamgeukia Brancusi na kumwambia kuwa uchoraji umekwisha kazi, maana nani ataweza kutengeneza kitu bora kuliko propela ile? Mwaka 1934 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, yalipanga springi, beringi na propela katika vyumba vyake kama vile wengine wanavyopanga sanamu. Yakariri haya.

Ila ya Brancusi na forodha yaseme kwa uangalifu. Mwaka 1926 sanamu yake ya shaba ya ndege anayeruka, nyembamba na ndefu, isiyo na mdomo wala manyoya, ilifika New York. Maofisa wa forodha waliitazama juu na chini, hawakumwona ndege, wakaiweka katika kundi la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, na kudai ushuru wa asilimia 40. Kesi ilikwenda mahakamani, na Novemba 1928 msanii akashinda. Tatizo ni kwamba nyumbani kwako hakuna rufani. Mama watoto akishauliza, "Baba Asha, hili dude litakaa hapa sebuleni mpaka lini?", ujue hukumu imeshasomwa na unachosikia ni utekelezaji.

Baada ya hapo, tafuta mali. Wengi hukimbilia kuagiza mtandaoni kutoka Arizona, ambako karibu na mji wa Tucson ndege zilizostaafu zimeegeshwa kwa maelfu jangwani, kwa sababu hewa ni kavu na ardhi ni ngumu. Ukifanya hivyo utalipia chuma mara moja, utalipia usafiri mara nyingine kwa bei inayozidi ya chuma, na mwisho utaonana na forodha ya kwetu, ambayo kesi ya Brancusi haiitambui.

Ukiwa Dar es Salaam, anzia Gerezani. Ukiwa Nairobi, anzia Gikomba. Si kwamba utapata, lakini angalau utakosa karibu na nyumbani. Na kwa kweli historia ya kutufanya tupate tunayo. Florence Kerr Wilson alianzisha shirika lake la ndege Nairobi mwaka 1929, na uwanja uliotokana na kazi yake unaitwa Wilson mpaka leo. Januari 1946 East African Airways ikaanza safari kwa vindege vya de Havilland vyenye mabawa mawili mawili, vilivyojengwa kwa mbao na kitambaa. Zikaja Dakota, mwaka 1960 zikaja Comet, mwaka 1966 zikaja Super VC10, na mwaka 1977 shirika likafa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shirika la miaka 31 haliondoki bila kuacha bolti chini ya meza. Kilichobaki kilitawanyika: kingine kiliruka tena kwa jina jingine, kingine kilioza nyuma ya mabanda, kingine kiliyeyushwa. Alumini haina ukabila, na huenda pilau uliyoisifia mwaka jana ilipikwa ndani ya kitu kilichowahi kuvuka Mlima Kenya.

Kwa hiyo muuzaji atakuambia hivi:

"Bosi, hii ni ya ndege."

"Ndege gani?"

"Ya Mwingereza."

Hapo mazungumzo ya kihistoria yamekwisha, yameanza ya bei. Usimwone mwongo. Ameokota kitu chepesi, kina matundu, hakifanani na chochote cha Fuso, akafikia uamuzi kama wanavyofanya wanahistoria wengi. Lakini vingi vya namna hii ni vya Leyland na Bedford, na wewe huna haja ya kununua gia boksi ya lori kwa bei ya angani. Sumaku haitakusaidia. Alumini ya lori nayo haivutwi, na sehemu nyingi za ndege zinazobeba mzigo mkubwa ni chuma cha pua, kinachovutwa vizuri tu. Tazama vichwa vya bolti. Zile za kiwango cha Kimarekani cha AN, za chuma cha pua, zina alama ya msalaba au nyota iliyoinuka kichwani, na nyingi zimetobolewa ili zipitishwe waya mwembamba wa kuzifunga zisilegee kwa mtikisiko. Tafuta mihuri midogo ya wakaguzi na namba zilizogongwa kwa mkono, zenye tarakimu moja iliyopinda kwa sababu siku ile mtu alikuwa na haraka. Lori linakaguliwa na trafiki barabarani. Kipande cha ndege kimekaguliwa na watu kadhaa kabla hakijaona anga, na kila mmoja aliacha alama yake.

Propela za mbao ndizo zenye hadithi tamu kuliko zote. Tangu filamu ya mwaka 1985 ilipomrusha Robert Redford katika Gipsy Moth ya njano juu ya flamingo, kila ubao wenye mikunjo miwili kuanzia Karen mpaka Malindi ulikuwa wa Denys Finch Hatton, yule aliyeigizwa na Redford. Ndege ya Finch Hatton ilianguka Voi mwezi Mei 1931, mara tu baada ya kupaa, ikateketea kwa moto pamoja naye na mtumishi wake. Anayekuuzia propela ile ikiwa nzima, na vanishi juu, anakuuzia muujiza, na muujiza huo haujapangiwa bei halali. Propela ya kweli imeunganishwa kwa mbao kadhaa zilizogandishwa kwa gundi, mara nyingi mkangazi au mjozi, na ukingo wake wa mbele mara nyingi umevikwa shaba ili mvua na changarawe visiule. Za Kiingereza za zamani huwa na maandishi katikati: namba ya mchoro, herufi D na kipenyo chake, herufi P na mwendo wake kwa mzunguko mmoja. Mashimo ya bolti yawe na kovu la bamba lililobana mbao kwa miaka. Ikiwa mashimo ni masafi kama ya kiti kipya, umeletewa pambo. Kuwekewa saa ya ukutani katikati hakuthibitishi lolote, maana askari wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na mtindo huohuo.

Ukinunua, dai risiti. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, na Januari 2022 serikali iliifungia biashara hiyo yote kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Jaribu kumweleza askari wa kizuizi cha barabarani usiku kwamba hilo dude la alumini lililofunikwa turubai nyuma ya gari ni sanaa. Na kama ungependa kulala ndani bila hata kununua kitu, nenda kapige picha kwenye uzio wa uwanja wa ndege bila kibali, lenzi ndefu shingoni. Huduma ni ya haraka.

Utakutana pia na kipande kilichokatwa kwa msumeno au kutobolewa katikati, halafu kikapakwa rangi nyekundu. Mpiga picha asiyejua hukikataa kwa kuwa "kimeharibiwa". Kimeharibiwa kwa makusudi, na kwa sababu nzuri. Sehemu ya ndege iliyokwisha umri hukatwa ili asitokee mjanja wa kuisafisha na kuirudisha sokoni. Septemba 1989 ndege ya Convair 580 ya shirika la Partnair la Norway ilianguka baharini karibu na Denmark, wakafa wote 55 waliokuwamo, na uchunguzi ulikuta bolti bandia katika viungo vya mkia. Mkato ule wa msumeno ndio wenye habari kuliko sehemu nyingine yote ya chuma. Upige picha. Na kile chako kizuri, kizima, ulichokipaka nta kikang'aa, usije ukakiuza kwa mtu anayeuliza namba yake kwanza kabla ya kuuliza bei.

Sasa yale yanayoua, na hapa mzaha unapumzika kidogo.

Geji za ndege za miaka ya 1930 na 1940 zina namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani. Nyingi zilipakwa radiamu. Hazing'ai tena, na kila muuzaji atakuambia kwamba kwa hiyo sumu imekwisha. Kilichokufa ni ile kemikali iliyokuwa ikigeuza mionzi kuwa mwanga, ambayo huchoka baada ya miaka michache. Radiamu yenyewe huhitaji miaka 1,600 hivi kupungua nusu, kwa hiyo geji ya Dakota haijaanza hata kuchoka. Mabinti waliokuwa wakipaka rangi hiyo kwenye saa huko New Jersey, wakichongoa brashi kwa midomo yao kama walivyofundishwa kazini, walioza mataya, na kesi ya watano kati yao ilimalizwa mwaka 1928 kwa kulipwa fidia. Usifungue kioo cha geji. Usikwangue rangi ili "kuonyesha uzee". Usiipange kabatini chumbani kwa watoto, wala usiziweke nyingi pamoja katika chumba kisicho na hewa, kwa kuwa radiamu hutoa gesi ya radoni. Kioo kikiwa kimepasuka, iache ilipo. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, nao wanajua la kufanya kuliko binamu yako mwenye simu ya kupima mionzi.

Ile rangi ya kijani-njano ndani ya bawa, ambayo wapiga picha huipenda mpaka kuota, ni praima ya kromati ya zinki. Inapendeza sana na inasababisha saratani ukivuta vumbi lake. Ukiona mkono wako unaelekea kwenye msasa, ukamate kwa mkono wa pili. Mguu wa ndege una mafuta na gesi iliyoshindiliwa. Usifungue nati yoyote kwa udadisi. Na ukipewa kiti cha rubani wa ndege ya kivita, kile cha kumrusha nje, kumbuka kwamba hurushwa kwa baruti. Bernard Lynch wa kampuni ya Martin-Baker alijaribu cha namna hiyo akiwa hewani Julai 1946 na akatua salama, lakini yeye alikuwa na parachuti, na juu yake hakukuwa na dari ya sebule.

Umefika nyumbani, uko hai. Kosa kubwa kuliko yote linakusubiri, nalo ni usafi.

Mtu akishanunua kitu kichafu kwa bei kubwa hupata hamu isiyozuilika ya kukifanya kionekane kipya. Anatafuta polishi, anatafuta stilwaya, anamwita kijana wa mtaani amsaidie, na ikifika magharibi silinda ya injini inang'aa kama sufuria ya harusi. Amefuta kila kitu alicholipia. Masizi yalikuwa yanaonyesha upande ambao moshi ulitokea. Mafuta yaliyoganda kati ya mapezi yalionyesha mahali gasketi ilipoanza kushindwa. Na mafundi wa injini hizi zenye silinda zilizopangwa kama nyota wana mzaha wao wa siku nyingi: injini ya nyota isipovuja mafuta, ujue haina mafuta. Chombo hiki kilitengenezwa kifanye kazi, kikaifanya, na alama za kazi ile ndizo uso wake. Ukizifuta unabaki na umbo tupu, na umbo tupu unaweza kulipata dukani kwa wauza mabomba kwa bei nafuu zaidi.

Kwa hiyo brashi laini ya kufuta vumbi, kitambaa kikavu, basi. Kama uko pwani, vaa glavu za pamba. Jasho la mkono wa Dar es Salaam mwezi Februari lina chumvi ya kutosha kuandika jina lako juu ya alumini tupu, na baada ya wiki alama ya kidole haitoki tena. Magurudumu ya zamani ya aloi ya magnesi ni dhaifu zaidi. Yaache kwenye upepo wa bahari uone yatakavyotoa unga mweupe.

Tuje kwenye mwanga, mahali ambapo wengi huuza kamera zao.

Vitabu vya upigaji picha vimeandikwa kwa wingi na watu wa Ulaya, na vyote vinakushauri uweke meza kwenye dirisha la kaskazini. Kwao dirisha hilo halipigwi na jua la adhuhuri mwaka mzima. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini. Fuata kitabu mwezi Juni uone. Katika miezi hiyo geukia kusini, na dirisha la kaskazini liachie Novemba, Desemba na Januari. Nairobi, iliyo karibu kabisa na ikweta, mgawanyo ni kama nusu kwa nusu. Lililo bora kuliko madirisha yote ni baraza lenye paa lililotoka mbele, ambalo wengi wetu tunalo bure na tunalitumia kuanikia nguo.

Ukishapata mwanga utagundua jambo la kukatisha tamaa: chuma kilichong'arishwa hakipigiki picha. Kinachopigwa ni vitu vinavyokizunguka. Weka mezani ile kofia ya propela, yai kubwa la alumini, halafu tazama kwenye kamera. Utaliona dirisha limepinda. Utaiona feni. Utajiona wewe mwenyewe umevaa bukta, tumbo mbele, kichwa kidogo kama cha kuku. Utamwona mtoto wa jirani amesimama mlangoni akila embe. Na ikiwa kuna kanga kwenye kamba nyuma yako utalisoma jina lake kinyumenyume katikati ya picha uliyokusudia iitwe "Ukimya".

Dawa yake ni kuamua chuma kione nini. Zungushia shuka jeupe, jeupe kweli, si lile lililofuliwa pamoja na fulana nyekundu, maana alumini itaazima rangi hiyo papo hapo. Toboa nafasi ya lenzi tu. Mwanga upite kwenye shuka, usipige chuma moja kwa moja. Sasa kofia yako imekuwa laini na safi, na pia imetoweka, kwa sababu kitu cheupe kinachoakisi weupe pande zote hakina ukingo. Hapo ndipo unapochomeka vipande vya kadibodi nyeusi pembeni, nje ya fremu, mpaka mstari mweusi mwembamba utokee kwenye ukingo wa chuma na kukirudishia umbo lake. Kazi hii ya kusogeza kadibodi kidole kimoja kushoto, kidole kimoja kulia, ndiyo ufundi wote. Itachukua mchana mzima na haimpendezi mtu yeyote anayekutazama.

Utaambiwa ununue filta ya polaraiza, itaondoa mng'ao. Itauondoa kwenye kioo cha geji na kwenye rangi. Kwenye chuma kitupu haifanyi lolote la maana, kwa kuwa mwanga unaorudi kutoka kwenye chuma haupangwi upande mmoja kama ule unaorudi kutoka kwenye kioo au maji. Muuzaji wa filta hataki kulisikia jambo hili, kwa hiyo usimsumbue.

Mapezi ya silinda yanataka kinyume cha haya yote. Injini ya Dakota, Pratt & Whitney R-1830, ina silinda 14 zilizopangwa nyota mbili za saba saba, ujazo wa lita 30, nguvu farasi 1,200 hivi, na kila silinda imevikwa mapezi membamba ili hewa ipite na kuipoza. Ukiyamulika kutoka mbele yanakuwa ukuta wa kijivu. Sogeza taa nyuma na pembeni, mwanga upite ukikwaruza ncha za mapezi, na kila pezi litajitenga na mwenziwe. Usishawishike kununua injini nzima ili upate mwanga mzuri zaidi. Inazidi kilo 500, na fundi aliyejenga nyumba yako hakuihesabu.

Ukikaribia sana, kwa mfano kwenye ule waya uliosokotwa kati ya bolti mbili, fokasi itabaki milimita chache tu. Asiyejua hubana tundu la lenzi mpaka f/22 na kupata picha yenye ukungu kila mahali kwa usawa, kwa kuwa mwanga ukilazimishwa kupita kwenye kitundu hutawanyika. Baki kwenye f/8 au f/11, piga picha kadhaa huku ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha uziunganishe kwa programu. Lori likipita barabarani, subiri meza itulie. Na ule waya ndio unaostahili subira hiyo. Umesokotwa kwa mkono, na kila fundi ana msokoto wake. Ukitazama vizuri utajua kama alikuwa mtulivu au alikuwa anaitwa kwenda kula.

Kuhusu mapambo nitasema kidogo. Usiweke waridi juu ya pistoni. Usipulize moshi wa udi. Usimwage mafuta mapya kwenye chuma kikavu ili kionekane "kimefanya kazi". Usiombe miwani ya rubani kwa rafiki. Edward Weston alipopiga picha yake maarufu ya pilipili hoho mwaka 1930 aliiweka ndani ya faneli ya bati, basi, na pilipili ile ina misuli kuliko wacheza mieleka. Walker Evans, katika gazeti la Fortune la Julai 1955, alipanga vifaa vya mkono mbele ya ukuta mtupu: koleo, mkasi wa bati, mwiko, spana. Chini ya kila kimoja pakaandikwa ni kitu gani na kinauzwa kiasi gani. Spana ilikuwa senti 56. Hapakuwa na kichwa cha habari kuhusu ndoto.

Hili la maandishi chini ya picha ndilo litakalokuumbua mbele za watu. Asiyejua alichokipiga hukiita "Mabawa ya Matumaini" na kwenda zake. Wewe tafuta namba yake, tafuta kilikuwa kinafanya nini, kilikaa wapi kwenye ndege, juu au chini, kushoto au kulia. Usipofanya hivyo, siku ya maonyesho atakuja mzee mmoja, shati limenyooshwa pasi, kalamu mfukoni, fundi aliyestaafu kabla hujazaliwa. Atapita picha zote haraka na kusimama mbele ya ile ya silinda ya injini ya Gipsy Major, uliyoisimamisha wima kwa fahari, kichwa juu.

"Mwanangu," atasema, "hii umeigeuza."

Nawe utamwonyesha kwamba hapana, Mzee, kichwa kiko juu. Naye atakueleza taratibu kwamba kwenye Gipsy Major silinda zote nne zinaning'inia, vichwa chini, krenki juu, ili propela ikae mbali na ardhi na rubani aone mbele bila injini kumziba. Usibishane. Mvutie kiti, muulize chai au soda, toa daftari. Kisha mpeleke kwenye ile picha kubwa mlangoni, duara la alumini lenye mwanga wa pembeni, uliyoiita "Jicho la Mbingu" na kuiwekea bei kubwa kuliko zote, umuulize ile nayo ni nini.

Atakuambia ni mfuniko wa choo cha Dakota.

Usitahayari. Weston naye alipiga picha choo cha nyumba aliyopanga Mexico mwaka 1925, na picha ile inathaminiwa mpaka leo. Ila yeye aliandika wazi kwamba ni choo.